Kabla hujalipia dume la nyama, uliza alizaliwa na kilo ngapi

Mtamba wangu, ng'ombe jike aliyekuwa anazaa kwa mara ya kwanza, alilala chini siku mbili bila kunyanyuka. Ndama tulimvuta kwa kamba watu watatu, akatoka amekufa, mabega mapana na kichwa kizito. Daktari wa mifugo alinieleza kwamba ndama alipokwama alibana mshipa wa fahamu unaopita ndani ya nyonga, ndiyo maana miguu ya nyuma ilikuwa inateleza na kuachana kila mtamba alipojaribu kusimama. Alikuja kupona, lakini alikaa zaidi ya mwaka bila kushika mimba. Dume aliyeleta balaa hilo nilimnunua mwenyewe: chotara wa Simmental, ng'ombe wakubwa wa Ulaya, kwa shilingi milioni nne na laki mbili. Nilimpendea mapaja.

Mwezi huu wasomaji watatu, wa Handeni, Mvomero na Kiteto, wameniandikia kisa kilekile. Wote walipima urefu, wakakagua rangi, wakaulizia bei. Hakuna aliyeuliza dume alikuwa na uzito gani siku aliyozaliwa.

Habari za kwato, korodani na kipimo cha brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, siziandiki hapa. Mpeleke daktari akakague, na usitoe hela kabla hajamaliza. Mimi nang'ang'ania hizo kilo za kuzaliwa, kwa sababu ndizo dume anazowarithisha ndama wake, na ndizo zinazomkwamisha mtamba mlangoni. Zebu wetu wa asili, ng'ombe wenye nundu, wengi wana kilo 200 hadi 250 wakiwa wakubwa, na ndama wao huzaliwa na kilo 20 hivi. Ndama wa Charolais halisi, ng'ombe wa nyama wa Ufaransa, hufika 45. Mama wa zebu huweza kupunguza kidogo ukuaji wa ndama tumboni, lakini mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza ana njia nyembamba, na kilo saba au nane zilizozidi zinatosha kumuua.

Ukubwa wa dume unayemwona leo haukuambii kitu. Madume wawili wenye kilo 600 kila mmoja wanaweza kuwa wamezaliwa tofauti kabisa: mmoja na kilo 28 kisha akakua haraka, mwingine na 42. Wa kwanza ndiye wa kutafuta.

Nafasi ya kwanza nampa Boran, na sifichi kwamba nampendelea. Ni ng'ombe wa Waborana wa kusini mwa Ethiopia, na wafugaji wa Kenya wana chama chao cha Boran tangu 1951, kwa hiyo uzao huu una watu wanaotunza kumbukumbu. Ndama wake huzaliwa na kilo 25 hadi 30, mwembamba na mrefu, anateleza kutoka, kisha anasimama na kutafuta chuchu mapema. Baadaye anakua vizuri kwa majani ya kwetu, anatembea mbali kwenda majini, na jua halimtesi. Kwa Tanzania ulizia ranchi za NARCO, kampuni ya taifa ya ranchi, kama Kongwa. Tahadhari moja: ukiwa na mitamba wenye damu nyingi ya ng'ombe wa kisasa wa Ulaya, usidhani dume yeyote mwenye nundu ni salama. Dume wa Brahman, ambaye naye ni zebu, akimpanda jike asiye na damu ya zebu, ndama huwa mzito kuliko pale dume asiye zebu anapompanda jike wa Brahman. Hapo kumbukumbu za dume mwenyewe ndizo za kufuata, jina la uzao peke yake halitoshi.

Wa pili ni Angus, ng'ombe wa nyama wa Uskoti, lakini kwa mrija wa mbegu tu, yaani kwa kupandishiwa kwa chupa. Dume hai wa Angus kwenye jua letu na kupe wetu ni hasara, ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, itammaliza. Na mrija pia usichukue wowote. Ndani ya Angus wapo madume wa ndama wadogo na wapo wa ndama wakubwa. Mwombe mhimilishaji, yule anayepandisha kwa mrija, akuonyeshe katalogi ya madume, na hapa usome kwa makini: kwenye katalogi za Marekani, namba ya wepesi wa kuzaa ikiwa kubwa ni heri, namba ya uzito wa kuzaliwa ikiwa ndogo ni heri, tena uzito wenyewe ni wa ratili, si kilo. Nimekutana na mhimilishaji aliyenisifia namba kubwa ya uzito wa kuzaliwa akidhani ni sifa. Usilinganishe pia namba za Angus na za Simmental; kila uzao una kipimo chake.

Mpwapwa na Sahiwal, ng'ombe wa maziwa na nyama, nawaweka nafasi ya tatu. Ndama wao si wakubwa, na utapata maziwa kidogo ya nyumbani. Ila kama shabaha yako ni mnofu, utasubiri zaidi.

Simmental na Charolais ni wa mwisho. Wanaleta nyama, sibishi. Wape ng'ombe wakubwa waliokwisha kuzaa mara mbili au tatu bila shida, na mitamba usiwaguse nao kabisa.

Dume wa bei nafuu wa mnadani? Hujui mama yake, hujui alizaliwaje. Mwache.

Wapo wanaosema mnyime mtamba chakula miezi ya mwisho ili ndama awe mdogo. Msifanye hivyo. Mtamba anadhoofika, anakosa nguvu ya kusukuma, na maziwa ya mwanzo yanapungua. Mpandishe akiwa amefikia angalau asilimia 60 ya uzito wa utu uzima, kisha mlishe.

Kinachoniuma ni wauzaji. Wanakutajia bei ya dume kwa mamilioni, wanakupigia hesabu ya kilo zake za leo, lakini mizani ya kuning'iniza ndama hawana, na ukiwauliza wanakuona msumbufu. Ndama hupimwa ndani ya siku ya kwanza, kazi ya dakika tano. Asiye na daftari mwombe akuonyeshe ndama wachanga wa dume huyo na mama zao, kisha umuulize mchungaji, si mwenye mali, wangapi walivutwa kwa kamba. Mchungaji ndiye aliyekesha nao.

Safari hii nilizunguka kwa wauzaji wanne. Mmoja tu alifungua daftari na kunionyesha mstari wa dume lake: kilo 27, kazaliwa bila msaada, jina la mama na mzao wa ngapi. Alinidai laki sita zaidi ya wenzake, nikamlipa.