Kikokotoo cha Koili za Sigara za Kielektroniki Ndani ya Mashine Yangu ya Vifaranga

Mimi sivuti sigara, ya tumbaku wala ya mvuke, lakini kwa miezi miwili sasa nimekuwa mtumiaji wa kikokotoo cha mtandaoni kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wanaojisukia koili, yaani waya uliozungushwa unaopata moto umeme ukipita, za sigara za kielektroniki. (Kwa Watanzania wengi neno kikokotoo hukumbusha kwanza mafao ya wastaafu, hiki ninachokizungumzia hakina ugomvi na mtu.) Nyumbani Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, natotolesha vifaranga wa kienyeji kwa mashine ya mbao niliyoiunda mwenyewe, yenye nafasi ya trei mbili za mayai. Umeme ukikatika usiku wa Julai, nyuzi 37.5 zinazotakiwa ndani ya sanduku huanza kushuka kabla hujamaliza kuvaa viatu. Nilihitaji koili ya akiba ya wati 60 inayotumia betri ya sola ya volti 12, na hesabu ya waya mfupi kwenye umeme mdogo ndiyo hasa kazi ya kikokotoo hiki.

Kukitumia ni rahisi. Unachagua aina ya waya, iwe nikromu 80, Kanthal A1 au chuma cha pua, kisha unaandika unene wake, kipenyo cha ndani cha koili na ukinzani (kiasi waya unavyouzuia umeme) unaoutaka, nacho kinakupa urefu na idadi ya mizunguko. Wati 60 kwa volti 12 ni ampia 5, yaani ukinzani wa omu 2.4, na kwa nikromu 80 ya geji 24 (geji ni namba ya unene wa waya) nilijibiwa sentimita 45.

Hapo ndipo nilipokosea. Waya niliununua mjini Arusha, mtaa wa Unga Limited, kwa fundi anayetengeneza majiko ya umeme, naye aliponiambia kwamba ni geji 24 alisema kweli, ila geji yake ilikuwa ile ya Kiingereza, ambayo 24 ni milimita 0.56, ilhali kikokotoo kinahesabu kwa geji ya Kimarekani, ambayo 24 ni milimita 0.51. Kwa macho huwezi kuona tofauti hiyo. Nilipopima koili kwa mita ya ukinzani, baada ya kugusanisha ncha za mita na kutoa omu 0.3 za nyaya zake yenyewe, nilipata omu 2.0, maana yake wati 72. Bahati nzuri kuna nafasi ya kuandika unene kwa milimita, nilipoandika 0.56 urefu ukawa sentimita 54, na safari hii mita ilikubaliana nao.

Kilichonishtua zaidi ni rangi. Kikokotoo huonyesha, kwa miliwati, joto linalotoka katika kila milimita ya mraba ya uso wa waya, na kulipaka rangi: buluu kwa koili baridi, nyekundu kwa iliyozidi. Koili yangu ilipewa miliwati 63 na buluu iliyokolea. Nilipoiunganisha na betri mezani, haikuchukua muda waya ukaanza kuwa mwekundu, na ingekuwa ndani ya sanduku la mbao lenye maranda sijui ningeandika nini leo. Koili ya sigara ya kielektroniki imekumbatia utambi uliolowa, na kimiminika kinapogeuka mvuke huondoka na joto. Tena mvutaji hubonyeza kitufe kwa sekunde chache tu, kwa hiyo miliwati 150 au 200 kwake ni jambo la kawaida. Yangu iko kwenye hewa kavu na huwaka kwa dakika nyingi mfululizo. Hesabu ilikuwa sahihi. Rangi ndiyo iliyokusudiwa mtu mwingine.

Dawa niliipata humo humo, kwenye sehemu ya kuchagua koili mbili zilizounganishwa sambamba. Omu 2.4 za jumla niliziacha vilevile, nikaambiwa kila koili iwe na omu 4.8 na urefu wa sentimita 108, na joto likashuka hadi miliwati 16 kwa wati zile zile 60. Waya umekwenda mara nne, lakini haung'ai hata gizani. Nilizisuka kwenye penseli, mizunguko 45 kila moja, nikazivuta kidogo zisigusane, nikazifunga mbele ya feni juu ya kigae cha jiko bovu, na njiani nikaweka fyuzi ya ampia 10.

Ningekipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu kinapokea kiasi kimoja tu cha volti, wakati betri inayochajiwa na sola hupanda hadi volti 14.4, na koili ile ile ikawa ya wati 86. Nalazimika kufanya hesabu mara mbili.

Usiku wa kuamkia jana umeme ulikatika saa saba, ukarudi saa kumi na moja. Asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 37.3, na mayai yamebakiza siku sita kutimiza 21.