Eti bibi yangu ni wa bendi 5

Naandika hii nikiwa bado na hasira na najua mtasema nina kinyongo maana mambo yenyewe yalishapita, sikumbuki vizuri ni miezi mingapi, ila kuna sentensi moja niliambiwa siku ile na mpaka leo nikiwa naosha vyombo inanirudia kichwani naanza kujibizana na ukuta. Nilikua najiandaa na spikingi ya IELTS, yaani sehemu ya kuongea ya ule mtihani wa kizungu, alama zake ndo wanaziita bendi, nikajiunga na kozi moja ya mtandaoni, jina siwataji sitaki kesi na mtu, waliopita pale watajijua. Mambo ya vifurushi sijui masomo mangapi kwa wiki nendeni mkasome wenyewe kwenye ukurasa wao, mi nataka kuongelea sekunde arobaini tu. Basi.

Ilikua moki ya kwanza, yaani mtihani wa majaribio, simu ya video, mimi na ticha wawili tu. Tulikua tunamwita Madam. Tukafika sehemu ya pili, ile unapewa kadi, unaachiwa dakika 1 ujipange na karatasi na penseli, alafu unaongea peke yako mpaka dakika 2. Kadi ikasema elezea mtu aliyekufundisha kitu. Nikafurahi! Maana hiyo hata usingizini naongea. Nikaandika maneno manne tu, bibi, sindano, uzi, macho. Bibi yangu macho yalipoanza kumsumbua alikua hawezi tena kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, kwa hiyo akanikalisha chini nikiwa mdogo akanifundisha, kwanza kulowesha ncha ya uzi, kuikata iwe kali, alafu vifungo, alafu pindo, alafu kushona mpasuko usionekane. Mi ndo nilikua macho yake. Nina mambo ya kusema hapo ya dakika tano sio mbili.

Nikaanza. Na jamani, kwa mara ya kwanza tangu nianze ile kozi sikua natafsiri kichwani, maneno yalikua yanakuja yenyewe, makosa yapo ndio, kuna sehemu nilisema he badala ya she nikajirekebisha nikaendelea, nikafika pale nilipojichoma kidole nikalia na yeye akacheka, hata mimi mwenyewe nikawa nacheka huku naongea. Kuangalia kwenye skrini, Madam ameinua kiganja. Simama.

Akaacha kizungu kabisa akahamia kiswahili, nadhani ili nisije nikakosa kuelewa vizuri. "Mdogo wangu, ngoja kwanza. Hiyo bibi na sindano ni bendi 5. Hamna msamiati hapo. Weka profesa."

Weka profesa.

Nikamuuliza profesa yupi Madam, mi sina profesa. Akasema atanitumia faili. Na kweli akatuma, kurasa na kurasa za majibu yameshaandikwa, mtu aliyekufundisha kitu ni profesa wa mazingira, mtu unayemheshimu ni profesa huyohuyo, safari usiyoisahau ulienda kwenye mkutano na profesa, yaani huyo mtu ana kazi kuliko mganga wa zamu. Na unajua kilichoniuma zaidi ni nini, sio yeye kunikatisha, ni kwamba nilimwomba samahani. Nilisema samahani Madam, nimeelewa. Samahani ya nini sasa? Ya kuwa na bibi?

Basi nikakariri. Wiki kadhaa nakariri, bafuni profesa, kwenye foleni profesa, nikawa naongea kama lile tangazo la uwanja wa ndege, laini kabisa, halina mtu ndani. Madam akawa ananisifia, sahivi ndo unaongea, hii ni bendi 7 hii. Na mimi nikaamini, kwanini nisiamini, yeye si ndo ticha.

Siku ya mtihani. Chumba kidogo, mtahini mmoja, meza, na kifaa cha kurekodi kwa sababu kila mtu anarekodiwa. Spikingi nzima ni dakika 11 mpaka 14, ukiwa nje unaona ni kidogo, ukiwa ndani unaona zimekaa. Sehemu ya kwanza maswali ya kawaida ya maisha yako, nikajibu vizuri tu. Kadi ikaja. Sitasema neno kwa neno ila ilikua inahusu kitu cha zamani ambacho bado unakitunza.

Nyie! Kwangu kuna kopo la bati la sindano la bibi, alinipa mwenyewe kwa mkono wake, lina kutu kwenye kifuniko na ndani kuna vifungo ambavyo nguo zake zilishakufa zamani. Kadi ni kama iliandikwa kwa ajili ya lile kopo. Na mimi nimekaa pale na penseli, najua kabisa, na nikaandika profesa. Eti profesa alinipa kitabu. Mkono unaandika wenyewe. Nikaongea ule wimbo wangu wote, sijui nilimaliza kwenye dakika na kidogo, nikanyamaza kwa kujiamini.

Mtahini akaniuliza swali dogo tu, wana kawaida ya kuuliza kimoja au viwili vya kufungia kabla ya kuhamia sehemu ya tatu. Kitabu chenyewe kilikua kinahusu nini?

Kimya.

Kitabu hakipo! Profesa hayupo! Faili halikuandika kitabu kinahusu nini! Nikasema mazingira, akasubiri, nikasema mazingira ni muhimu sana, akashukuru. Sehemu ya tatu ndo inapanua mada ya kadi yako, kwanini watu wanatunza vitu vya zamani, je vijana wanavithamini kama wazee, na mimi nimebaki na zile sentensi za kuanzia za kukariri tu, kila swali nalijibu "That is a very interesting question", nadhani nilisema mara nne, la nne hata mimi nilijisikia aibu. Mtahini hakukunja uso wala nini, hawaruhusiwi kukuambia umefanyaje wala kukukosoa, ila kile kitabasamu cha upole kilikua kibaya kuliko makofi.

5.5. Kusikiliza, kusoma na kuandika vyote vimepita, spikingi 5.5, na mi nilikua nahitaji 6.5.

Ndo nikakaa chini nikafanya kitu ambacho nilipaswa kufanya kabla sijamlipa mtu yeyote, nikasoma vigezo vyao. Vipo wazi mtandaoni, bure, mtu yeyote anaweza kuvisoma. Wanapima vitu vinne na vyote vina uzito sawa, mtiririko na mpangilio wa maongezi, msamiati, sarufi, matamshi. Nimevisoma mbele nyuma, hakuna mahali pameandikwa cheo cha mtu unayemuongelea. Hakuna! Bendi 7 kwenye mtiririko wanasema uongee kwa kirefu bila kuonekana unahangaika. Sasa mimi nilikua nahangaika lini, kwa bibi au kwa profesa? Kwenye msamiati wanataka pia maneno yasiyo ya kila siku yakitumika mahali pake, na Madam alisema kwa bibi hamna msamiati, we Madam, kile kikofia cha chuma cha kidole unachovaa ukishona ni thimble, pindo ni hem, nguo iliyochakaa uzi ukaanza kutoka ni frayed, nani anayajua hayo kama sio mtu aliyefundishwa na bibi yake? Hayo ya mazingira ni muhimu yanasemwa na kila mtu kwenye foleni ile. Na watahini kazi yao ni kusikiliza watu siku nzima, jibu la kukariri wanalijua, sauti inabadilika, macho yanaangalia dari, alafu wakikuuliza kitu nje ya karatasi unarudi kuwa wewe.

Lafudhi nayo. Madam alikua anatuambia tubane pua tuongee kama Waingereza. Kwenye vigezo hakuna kuongea kama Mwingereza, wanaangalia kama unaeleweka bila msikilizaji kuhangaika, basi, lafudhi yako baki nayo.

Sasa ngoja, nisimnyime haki yake. Kuna kitu kimoja yule Madam alinifundisha na ni kizuri, lazima niseme. Alitulazimisha kujirekodi kwenye simu dakika 2 kila siku alafu tujisikilize, na kujisikiliza sio kitu cha kufurahisha, siku ya kwanza nilihesabu nimesema "you know" mara 17. Kumi na saba! Nikajua pia kwamba "three" yangu ni "tree", mtu anasikia mti kumbe ni namba tatu. Hiyo hakuna mtu mwingine angeniambia. Na ndo yeye aliyeniambia kwamba usiposikia swali unaweza kuomba lirudiwe na hawakuchinji, na kwenye sehemu ya tatu unaweza hata kuomba ufafanuliwe. Kwa hiyo nilivyotulia nikasema hawa watu nitawapa nyota tatu, binadamu wana mazuri na mabaya, ticha naye anachoka, labda siku ile alikua na moki kumi.

Alafu nikakumbuka nilivyomtumia ujumbe wa matokeo. Unajua alijibu nini? "Hukukariri vizuri." Hayo tu. Hata pole hakuna. Basi nyota tatu zikaisha hapohapo nikarudi kwenye moja, na hiyo moja ni ya rekoda ya simu yangu mwenyewe.

Kurudia nilirudia. Kama ulifanya kwenye kompyuta kuna sehemu wanaruhusu kurudia kipengele kimoja tu badala ya mtihani mzima, ndani ya siku 60 tangu ule wa kwanza na ni mara moja tu, kwa hiyo ukiharibu na hapo ndo unaanza vyote upya. Sikutafuta ticha. Nilimchukua binamu yangu, kizungu chake ni cha kuokoteza, nikamwambia kazi yako ni moja, kila nikijibu uliza kwanini. Ana roho mbaya yule mtoto. Nasema napenda kutembea asubuhi, kwanini, kwa sababu kuna utulivu, kwanini utulivu ni mzuri, nikafika mahali naeleza mambo ya miji na kelele na afya ya akili bila kujua nimefikaje, kumbe ndo sehemu ya tatu yenyewe hiyo. Kadi kila siku mpya, hakuna kurudia, dakika 1, maneno manne kwenye karatasi, timeri, rekodi, sikiliza, lia, kalale. Faili la profesa nilifuta, alafu nikaenda na kule linakokaa baada ya kufutwa nikalifuta tena.

Mara ya pili kadi ilikua mambo ya uamuzi, haikuhusiana na bibi hata kidogo, ila niliongea kitu kilichonitokea kweli na nikawa nakiona mbele ya macho. Mtahini alinikatisha katikati ya sentensi, dakika 2 zimeisha, asante. Na nilifurahi! Mara zote mbili nimekatishwa na mkono umeinuliwa, ila huyu alinikatisha kwa sababu muda umeisha na mimi bado ninayo. Alipouliza lile swali dogo la kufungia nikajibu kabla hajamaliza, nikaomba radhi, akatabasamu, na safari hii kitabasamu hakikuniumiza.

7. Nilitoka 5.5 nikapata 7.

Sasa hapa ndo nachanganyikiwa kidogo maana rafiki yangu mmoja anasema sio haki kumlaumu Madam, mara ya pili kila mtu anakua amezoea chumba na hofu imepungua, na ile rekodi ni yake, na "three" ni yake. Sijui. Inawezekana. Usiku nikiwa nimetulia nakubali, asubuhi nikikumbuka kiganja kile nakataa. Mtu unakatishwa ukiwa unamuongelea bibi yako unacheka, unaambiwa weka profesa, alafu udaiwe shukrani?

Na kilichofanya niandike leo sio hata hayo. Juzi wale wa kozi wamenitumia ujumbe, wameona sijui wapi kwamba nimepata 7, wananiomba ushuhuda mfupi wauweke kwenye ukurasa wao pamoja na picha yangu, na wameniambia kama sina muda wa kuandika wenyewe wanao ulioandikwa tayari, niweke jina tu.

Nilicheka peke yangu. Nimewajibu nina wangu, ndo huu, na picha wakitaka nitawatumia ya lile kopo. Na nyota ni ileile moja.