Karura au Oloolua: Utembee wapi Jumamosi?

Misitu yote miwili iko Nairobi au pembeni mwake, yote ina maporomoko ya maji, na yote ina mapango yanayosimuliwa kuwa yaliwaficha wapiganaji wa Mau Mau. Kuanzia hapo, kila mmoja una njia yake.

Karura, kati ya Limuru Road na Kiambu Road, una zaidi ya hekta 1,000. Njia ni pana, makutano yana namba, kwa hiyo hata mgeni hapotei. Lakini kinachonivuta mimi ni historia ya juzi tu. Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai alifika langoni na wenzake kupanda miche, kupinga kugawiwa kwa ardhi ya msitu, wakapigwa hadi akapasuka kichwa. Miaka mitano baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ukipita chini ya miti ile ukijua hayo, hata kivuli chake unakihisi tofauti. Ubaya wake ni umati: wikendi kuna baiskeli, mbwa na wakimbiaji kila kona.

Oloolua, upande wa mtaa wa Karen, ni mdogo na mtulivu. Kijia kinafuata mto Mbagathi, mianzi inakwaruzana juu ya kichwa, na pangoni utasikia popo kabla hujawaona. Beba tochi. Mvua ikinyesha, matope yanateleza vibaya. Ukimaliza, makumbusho ya Karen Blixen hayako mbali.

Nikiwa na watoto, Karura. Nikiwa peke yangu, Oloolua, tena asubuhi na mapema.