Picha za CT zilizoondolewa dawa na kompyuta: uzoefu wangu Dodoma

Kazi yangu ni kusoma picha za CT-skani hapa Dodoma. Tangu tupate mashine ya nishati mbili, madaktari wenzangu hawaachi kuniuliza: hizi picha ambazo kompyuta imeondoa dawa ya kontrasti (ile anayochomwa mgonjwa ili viungo vionekane vizuri), zinaaminika? Nawajibu kwamba inategemea unatafuta nini.

Mashine hupiga kwa volti mbili, mara nyingi kilovolti 80 na 140. Iodini iliyo kwenye dawa hufyonza mionzi zaidi sana kwenye volti ya chini, na tofauti hiyo ndiyo inayoiwezesha programu kuitambua, kuitoa, na kukupa picha kana kwamba mgonjwa hakuchomwa dawa. Ukiweza kuruka raundi ya kwanza, ile ya bila dawa, kwenye kipimo cha raundi tatu, umempunguzia mgonjwa karibu theluthi ya mionzi. Si jambo dogo.

Kwenye figo imenifurahisha kweli. Mzee mmoja wa Kondoa alipigwa picha baada ya dawa tu, kwa sababu ya maumivu ya tumbo. Figo ya kushoto ilikuwa na uvimbe unaosoma 58 kwenye kipimo cha Hounsfield, ambacho maji ni sifuri. Namba hiyo peke yake haikuambii kama ni uvimbe unaonyonya dawa, pengine saratani, au ni mfuko wenye damu ya zamani. Nikafungua picha ya kompyuta: 56. Ramani ya iodini, inayoonyesha dawa ilikoingia: tupu. Mfuko tu.

"Kwa hiyo daktari, baba harudi tena kwenye mashine?" akaniuliza kijana wake.

Harudi. Nauli ya watu wawili imeokolewa, na hofu ya wiki nzima pia. Kwa kazi hii naipa tano kwa tano.

Tezi za adrenali, zile zilizo juu ya figo, ni habari nyingine. Aliyetufundisha mashine alisema namba za kompyuta hupishana na za kweli kwa chini ya 10, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Kwenye ini, 10 hainisumbui. Lakini kwenye adrenali, 10 ndiyo mpaka wenyewe: uvimbe ukisoma 10 au pungufu bila dawa, kwa kawaida ni ule wenye mafuta usio na hatari. Na kompyuta ina tabia ya kupandisha namba za vitu vyenye mafuta. Mama mmoja wa Mpwapwa alisoma 15 kwenye picha ya kompyuta. Picha halisi bila dawa, ambayo kwa bahati tulikuwa tumeipiga, ilisoma 6. Bila hiyo angeingizwa kwenye vipimo vingine visivyo na lazima. Siku hizi kompyuta ikinipa 10 au chini naridhika. Ikizidi, naomba picha halisi.

Vijiwe vya figo? Usijaribu. Programu huweza kuifuta kalsiamu pamoja na iodini, hivyo kijiwe cha chini ya milimita 3 kinapotea na kikubwa kinaonekana kidogo. Kwa jua letu hili na watu wanaoshinda shambani bila maji, wagonjwa wa vijiwe hawakosekani; wapigwe moja kwa moja bila dawa, kwa mionzi midogo.

Kabla sijaamini picha yoyote ya aina hii naweka duara la kupimia ndani ya aota, mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni. Damu isiyo na dawa husoma kati ya 30 na 45. Kama kompyuta bado inanipa 65, iodini haijatoka yote, na namba za viungo vingine nazitilia shaka. Kwa wagonjwa wanene sana, ambao picha zao huwa na chengachenga, siruki hatua hii kamwe.

Na jamani, kwenye ripoti tuandike wazi kwamba namba imetoka kwenye picha ya kompyuta. Daktari wa upasuaji akiilinganisha na CT ya mwaka jana iliyopigwa bila dawa, atadhani uvimbe umebadilika kumbe ni ule ule.