Viazi vitamu vya Kiserian, chakula cha kilomita 120

Mimi ni fundi cherehani, Kawangware, Nairobi. Siku sita nakanyaga cherehani, ya saba nakanyaga baiskeli. Njia ninayoipenda inapita Dagoretti, Karen, Ngong na Kiserian, kisha inashika Barabara ya Magadi hadi Olorgesailie, pale penye makumbusho ya mashoka ya mawe ya watu wa kale. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 120. Nimeipita kwa miaka mitatu sasa, na karibu kila kinacholiwa kando yake nimekila. Leo nataka kukisifu kibanda kimoja, na kusema wazi ni vyakula gani vya bei nafuu vinavyomfikisha mtu na vipi vinavyomwacha njiani.

Kibanda chenyewe kiko Kiserian na hakina bango. Utakijua kwa sufuria kubwa nyeusi iliyofunikwa majani ya mgomba, juu ya jiko la makaa. Mama anayeuza huanza kupika saa kumi alfajiri. Hapendi haraka: moto wake ni mdogo, maji ni kidogo chini ya sufuria, na majani yanazuia mvuke usitoke. Nilidhani ni kubana makaa tu, kumbe ndiyo siri ya utamu wake. Kiazi kitamu kikipata joto polepole, wanga wake hupata muda wa kugeuka sukari kabla hakijaiva kabisa. Kile kilichochemshwa kwa moto mkali hakifikii utamu huo hata kama vimetoka gunia moja. Nimejaribu nyumbani kwa viazi nilivyonunua kwake vikiwa vibichi, nusu kwa moto mkali, nusu kwa moto mdogo. Hata mtoto wangu, ambaye sikumwambia chochote, alimaliza vya moto mdogo na kuviacha vingine kwenye sahani.

Kiazi kimoja cha wastani anauza shilingi 20. Nilikipeleka kimoja kwa mama mboga wa mtaani kwetu anipimie kwenye mizani yake: gramu 250. Gramu 100 za kiazi kitamu kilichochemshwa zina wanga na sukari karibu gramu 18, kwa hiyo hapo nina kama gramu 45. Mwendesha baiskeli wa safari ya saa nyingi anahitaji kati ya gramu 30 na 60 kila saa. Kiazi kimoja, saa moja. Hesabu hiyo naikumbuka hata nikiwa nimechoka.

Linganisha na zile jeli za nishati kwenye vipakiti. Nilinunua mbili katika duka moja la michezo mjini, shilingi 300 na zaidi kila moja, na nilipofika nyumbani nikaona moja imepitisha tarehe. Pakiti moja huwa na gramu 20 hadi 25 tu za wanga na sukari. Yaani ili nipate kile ninachopata kwenye kiazi kimoja cha shilingi 20, ninunue jeli mbili za shilingi 600. Bei hiyo inaniuma, kwa sababu najua vijana wengi mtaani wenye miguu mizuri kuliko yangu, walioaminishwa kwamba bila vipakiti hivyo hawawezi kwenda mbali.

Sasa aina. Huyu mama huwa na viazi vya ndani nyeupe, vikavu, na mara nyingine vile vya rangi ya chungwa. Ukikaa kwenye benchi lake na kikombe cha chai ya maziwa, chagua cheupe. Ni kitamu mno, kinavunjika kama keki. Lakini usikibebe. Juu ya baiskeli, huku unahema, kinakukaba koo na kukumalizia maji. Cha rangi ya chungwa kina majimaji, kinateleza, unameza bila kutafuna sana. Hicho ndicho cha njiani. Kasoro yake ni kupondeka: kiweke kwenye mfuko wa nyuma wa jezi na baada ya barabara mbovu kidogo utatoa uji.

Hapo ufundi wangu ulinisaidia. Nilishona kifuko cha turubai kinachofungwa kwenye usukani, mdomo wake una kamba ya raba, na ndani nikatia kitambaa cha pamba kutoka mabaki ya shuka. Pamba ni muhimu. Kiazi cha moto kikifungwa kwenye nailoni hutoa jasho, na kufikia saa sita, kwenye joto la kule chini bondeni, kinaanza kunuka uchachu. Kwenye pamba kinakaa hadi alasiri bila tatizo. Navimenya pale pale kibandani vikiwa vya moto, maana huwezi kumenya kiazi kwa mkono mmoja huku lori linakupita. Nakata kila kimoja vipande vinne, nanyunyiza chumvi kidogo, nafunga. Kila dakika 15, kipande kimoja, njaa iwepo isiwepo. Ukingoja njaa ikuambie, umechelewa.

Kuchelewa huko nakujua. Safari yangu ya pili kwenye njia hii nilibeba mandazi sita kutoka kibanda kingine. Mandazi ni chakula changu cha kila asubuhi na sina ugomvi nayo saa mbili kabla ya safari, na chai. Lakini yana mafuta mengi, na mafuta hukaa tumboni, hayana haraka ya kwenda popote. Kwenda ilikuwa raha, barabara inashuka kutoka Kona Baridi, mbele ya Kiserian, na upepo unakusukuma. Kurudi, baada ya Olepolos, mlima unapokaza, miguu ikagoma. Sikuwa na maumivu, ilikuwa mitupu tu. Mikono ikatetemeka, nikawa nasoma kibao cha barabara mara mbili bila kuelewa, na mandazi bado yamekaa kifuani. Nilisukuma baiskeli hadi Kona Baridi. Mchungaji mmoja alinipa maji, nikakaa chini ya mti zaidi ya nusu saa.

Tangu siku hiyo mlima huo nauingia na sukari nguru. Inauzwa sokoni kwa bei ndogo, ile ya kahawia inayotoka kwenye viwanda vidogo vya miwa huko Magharibi. Vunja kipande cha nusu ya kiberiti, weka shavuni, acha kiyeyuke chenyewe huku unapanda. Hutafuni, hupotezi pumzi. Baada ya dakika kumi hivi unasikia miguu inaitika. Kwa kupanda mlima, naiweka juu ya kiazi na juu ya jeli. Kosa lake ni joto: ikipata jua inanata kwenye kitambaa, kwa hiyo mimi huizungushia unga kidogo wa mahindi.

Ndizi ni nzuri, shilingi 10, ila zile zenye madoa meusi zilizoiva kabisa. Hizo za manjano safi bado zina wanga mgumu tumboni. Zile mbili tatu za kwanza nazila kabla ya Kiserian kwa sababu hazivumilii kusukwasukwa. Nduma ni kavu mno kwa njiani. Njugu ni tamu lakini ni mafuta tena, ziache za jioni. Mayai ya huyu mama, pamoja na kachumbari, ni ya kula ukirudi, wakati misuli inataka kujengwa upya.

Kuhusu maji: ukipita Olepolos joto linabadilika kabisa, na Oltepesi saa tano jua linachoma mgongo. Maji matupu hayatoshi. Mimi natengeneza yale maji tuliyofundishwa kliniki kwa watoto wanaohara, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kisha naongeza sukari kidogo na ndimu. Chupa mbili. Gharama haifiki shilingi 15.

Ubaya wa kibanda lazima niuseme pia. Mvua zikichelewa viazi vinakuwa vidogo na bei haishuki. Vya rangi ya chungwa havipatikani kila Jumapili. Na mtu asiyezoea viazi vitamu asianze na vitatu siku ya safari ndefu, maana vinaweza kumjaza gesi. Aanze na kimoja katika safari fupi, tumbo lizoee.

Wiki iliyopita nilifika saa kumi na mbili na nusu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Ngong. Mama aliinua majani, mvuke ukapanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo unafika wapi?"

"Olorgesailie, na kurudi."

Alichokoa sufuria kwa kijiti, akaviminya viazi kimoja kimoja kwa kidole gumba, akarudisha viwili, akanitolea vinne. "Hivi ndivyo vya chungwa. Nilikuwekea."

Shilingi 80, na chai 30. Huanza kuuza saa kumi na mbili asubuhi. Ukifika baada ya saa mbili utakuta nduma tu.