Sinia la bahari: uzoefu wangu na mpishi wa vitafunio vya siku ya kuzaliwa Mombasa

Mwezi wa Februari binti yangu alitimiza miaka 6, na kwa kuwa anapenda viumbe vya baharini kuliko vikatuni vyovyote, nilimtafuta mpishi mmoja wa Kisauni ambaye huandaa vitafunio vya sherehe za watoto kwa kufuata mandhari anayoichagua mzazi. Nilimlipa shilingi 18,000 kwa watoto 24, nusu kwa M-Pesa nilipoagiza na nusu siku yenyewe, na bei hiyo ilijumuisha keki, vitafunio vya chumvi, jeli na ndoo ya maji ya ukwaju. Kabla ya kuagiza nilitamani sana kusoma maelezo ya mzazi mwenzangu aliyewahi kutumia huduma ya aina hii katika joto la mji wetu, nisiyapate, na ndiyo sababu nayaandika yangu.

Kilichonituliza moyo mapema ni maswali yake. Kabla hata ya kutaja bei aliniuliza kama miongoni mwa watoto kuna mwenye mzio wa karanga, korosho, mayai au samaki, na kama kuna wadogo wa chini ya miaka 5. Mpwa wangu hagusi korosho, kwa hiyo kashata za korosho ziliondolewa kabisa katika orodha, badala ya kuwekwa kando kwenye sinia lilelile. Zabibu zilizokusudiwa kuwa mapovu ya maji alizipasua kila moja vipande vinne kwa urefu, kwa kuwa zabibu nzima inaweza kuziba koo la mtoto mdogo. Mpishi anayeyawaza hayo bila kukumbushwa nampa alama zote.

Vilivyopendwa kuliko vyote vilikuwa mahamri. Alikuwa amesukuma donge la duara kuwa gamba la kasa, akabandika vijidonge vinne vya miguu na kimoja cha kichwa kwa kulowesha unga kidogo kwa tui, akachora mistari ya gamba kwa upande butu wa kisu, na macho akayatia kwa punje mbili za habasoda. Yalipoingia mafutani yalifura kama yafuravyo mahamri yote, na kasa wengine wakatoka na kichwa kimeinama upande, jambo ambalo watoto walilifurahia zaidi kwa sababu kila mmoja alitaka kuchagua kasa wake. Iliki ilinukia vizuri, na ndani yalikuwa mepesi. Mavyaa wangu, ambaye mahamri ya watu hayasifu kwa urahisi, alikula mawili kisha akaniambia, "Mwanangu, huyu anajua kukanda."

Katlesi za viazi na nyama zilifinyangwa kwa umbo la samaki na kuchorwa magamba kwa ncha ya kijiko. Sambusa zilisimamishwa juu ya vipande vya tango ziwe matanga ya jahazi, ingawa nusu yake zilianguka kabla ya kufika mezani. Soseji za kuku alikuja kuzipika jikoni kwetu Tudor ili ziliwe zikiwa moto. Kila soseji aliikata katikati, akaipasua upande mmoja mara nne hadi karibu na kichwa ili ipate miguu minane, akaitumbukiza katika maji yanayochemka. Binti yangu alisimama juu ya kigoda karibu nami akitazama miguu ikijikunja yenyewe kwenda juu, mpaka sufuria ikajaa pweza, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, wanaamka." Kwangu mimi dakika ile peke yake ilitosha kuhalalisha gharama.

Jeli inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo nilipoona umahiri. Jeli ya jelatini huanza kuyeyuka joto linapokaribia nyuzi 35 za selsiasi, na alasiri ya Februari Mombasa, chini ya turubai, haiko mbali na hapo. Isitoshe, wengi wetu hatuli jelatini bila kujua imetokana na mnyama gani. Yeye alitumia agaagaa, ile inayotokana na mwani, ambayo wengi mjini huiita chaina grasi, na ambayo ikishashika haiyeyuki tena mpaka ifikie nyuzi 85 hivi. Rangi ya buluu aliipata kwa kuchemsha kabichi ya zambarau na kutia chembe ya bikaboneti katika maji yake. Kisha akachanganya tui na kumimina katika vikombe, na jeli ilipokuwa ikishika, sehemu nzito ya tui ilipanda juu yenyewe ikawa tabaka jeupe kama povu la wimbi. Vikombe vilikaa mezani saa mbili bila kutoa hata tone la maji.

Keki, kwa bahati mbaya, ilinisikitisha. Ilikuwa kisiwa kilichofunikwa kwa fondanti, yaani ule unga wa sukari unaokandwa na kutandazwa kama chapati, na ilikuwa imelala frijini usiku kucha. Ilipotolewa katika hewa yetu yenye unyevu ilianza kutoa jasho. Rangi ya buluu ikachuruzika juu ya mchanga wa biskuti zilizopondwa, na nyota ya bahari ikateleza hadi ukingoni mwa sinia. Ndani ilikuwa nzuri, keki ya nazi yenye unyevu wa kutosha, lakini watoto karibu wote waliibandua fondanti wakaiacha kwenye sahani. Vilevile mpishi alichelewa dakika 50 kwa msongamano wa magari katika Daraja la Nyali, na watoto waliokuwa na njaa walikwisha maliza kachiri nilizokuwa nimeziweka akiba. Aliomba radhi mara mbili, na siku ya pili akanirudishia shilingi 1,500 kwa ajili ya keki bila mimi kudai.

Nimekwisha mwagiza tena kwa ajili ya mdogo wa binti yangu, atakayetimiza miaka 4 mwezi wa Agosti. Safari hii nimemwomba afike saa mbili kabla ya wageni, keki iwe tupu na kunyunyiziwa nazi iliyokaangwa badala ya fondanti, na mahamri ya kasa yaongezwe yafike 40, kwa kuwa mara ya kwanza watu wazima waliyamaliza kabla sijaonja hata moja.