Haidrofoni baharini au kipima mitetemo kisiwani?

Ukitaka kusikiliza sauti zinazosafiri baharini, utumie haidrofoni (maikrofoni ya chini ya maji) au kipima mitetemo cha nchi kavu kisiwani? Hili swali haliishi. Kwanza elewa baharini kuna kama bomba la sauti, sehemu nyingi liko kina cha mita 1,000 hivi, sauti nzito ikiingia humo haitoki kirahisi, inasafiri maelfu ya kilomita kwa spidi ya karibu kilomita 1.5 kwa sekunde. CTBTO, wale wanaosaka majaribio ya nyuklia, wana vituo 11 vya kusikiliza bahari: 6 vya haidrofoni, 5 vya vipima mitetemo visiwani.

Kwa usikivu haidrofoni ndo baba lao, zinaelea humohumo kwenye bomba, tatu tatu, kwa hiyo kituo kimoja tu kinakwambia sauti imetokea upande gani. Nyambizi ya Argentina, San Juan, ilivyopotea Novemba 2017, ni haidrofoni za karibu na visiwa vya Ascension na Crozet ndo zilinasa mlio uliohusishwa nayo. Kipima mitetemo kinasubiri sauti igonge mwamba wa kisiwa igeuke mtetemo, na hapo sauti nyembamba nyingi zinapotelea njiani.

Ila gharama ya haidrofoni sasa! Waya mrefu chini ya bahari, meli, mafundi... kituo cha Juan Fernández kule Chile kiliharibiwa na tsunami 2010, kikarudi 2014. Cha kisiwani kikizingua fundi anaenda na begi lake tu (japo kisiwa kama Tristan da Cunha hufiki bila meli, sio mchezo).

Ukitaka tu kujua kuna kishindo, kisiwa kinatosha. Ukitaka na upande, au kusikiliza nyangumi, andaa hela.